Louisville waliunganisha polisi wa jiji na wa kaunti, sasa huyu sherifu anayeniandikia barua katokea wapi?

#1 Kigamboni_Kentucky
Wakuu, habari za humu.

Tumenunua nyumba hapa Louisville, jimbo la Kentucky, mwezi wa nne, ya kwanza maishani mwetu. Juzi nipo kazini mke wangu akapiga simu, sauti imemkauka: "Baba Neema, kuna barua ya sherifu." Nikamwambia asiifungue mpaka nifike. Usiku kucha napakia mizigo uwanja wa ndege huku najiuliza nimekosa nini, taa nyekundu nimepita wapi, nimegombana na nani. Asubuhi nimefika, nimenawa uso, nimekaa mezani nikafungua. Kodi ya nyumba! Karatasi ina kiasi na tarehe za kulipa, basi.

Nimeshukuru Mungu, ila swali limebaki. Tulipofika mji huu tuliambiwa jiji na kaunti ni kitu kimoja tangu 2003 na polisi ni wamoja, Louisville Metro. Sasa sherifu ni nani? Polisi au mtu wa kodi? Na kama waliunganisha, waliunganisha nini hasa? Mwenye historia aimwage hapa.

#2 MamaChapati
Hongera kwa nyumba. Lipa kwanza, historia utasoma ukiwa na risiti mkononi. Ukilipa ndani ya Novemba unapunguziwa asilimia 2. Desemba unalipa kamili. Januari faini imeshaanza.

#3 Joka_la_Tanganyika
Jambo bandugu. Mimi niko huku tangu 2014 na siku zote nilijua sherifu ndiye mkubwa wa polisi wote, kama OCD wa kule Tanzania. Kumbe sivyo?

#4 Mkalimani
Sivyo, ndugu yangu Joka. Hapa Louisville sivyo kabisa. Nafanya ukalimani wa Kiswahili mahakamani na hili swali naulizwa kila wiki, tena na watu wanaotetemeka, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Kabla ya 2003 kaunti ya Jefferson ilikuwa na vyombo vitatu vikubwa. Kulikuwa na polisi wa jiji la Louisville, chini ya meya. Kulikuwa na polisi wa kaunti, Jefferson County Police, waliolinda maeneo yote nje ya mipaka ya jiji la zamani. Hao walikuwa chini ya kiongozi wa kaunti, ambaye Kentucky cheo chake kinaitwa jaji wa kaunti ingawa hahukumu kesi. Na kulikuwa na sherifu, anayechaguliwa kwa kura.

Januari 2003 waliunganishwa wawili wa kwanza tu. Polisi wa jiji na polisi wa kaunti wakawa idara moja, LMPD (Louisville Metro Police Department), mkuu wake anateuliwa na meya. Sherifu hakuguswa. Yeye anakusanya kodi ya majengo, anapeleka samansi, anatekeleza amri za mahakama za kumtoa mtu kwenye nyumba, na askari wake ndio wanaolinda vyumba vya mahakama. Ukiingia mahakamani, yule anayekuambia utoe mkanda na simu kwenye mashine si LMPD, ni mtu wa sherifu.

Mahabusu nayo ni idara ya nne, iko peke yake, haiko kwa polisi wala kwa sherifu. Watu wetu wengi wanachanganya hapo. Ndugu kakamatwa, familia inakimbilia kituo cha polisi kuuliza, wanaambiwa hayupo, wanaanza kulia. Hayupo kweli: polisi wamemkamata na kumkabidhi. Nendeni jela ya kaunti, mtaa wa Sita katikati ya jiji.

#5 Kigamboni_Kentucky
Mkalimani ubarikiwe. Kumbe yule wa mashine ni wa sherifu! Nilimwita "afande wa Metro" siku ile naenda kulipa faini ya gari.

Lakini sasa nauliza zaidi. Kama lengo lilikuwa kuunganisha, mbona sherifu wakamwacha?

#6 Kifungu99
Jibu ni katiba. Katiba ya Kentucky ya 1891, kifungu cha 99, inasema kila kaunti ichague sherifu. Imetaja pia jaji wa kaunti, karani, mwanasheria wa kaunti na wengine. Jiji na kaunti wakiungana hawawezi kufuta cheo kilichoandikwa kwenye katiba ya jimbo. Polisi wa kaunti hawakutajwa humo, ndiyo maana iliwezekana kuwaunganisha.

Ushahidi: hadi leo kwenye karatasi ya kura utakuta nafasi ya jaji wa kaunti wa Jefferson. Kazi zake zote zilishahamia kwa meya, kimebaki cheo cha heshima. Hawakukifuta kwa sababu hawawezi.

#7 Mzaramo_Halisi
#6 umesema kweli ila nusu. Katiba inasema sherifu awepo. Haisemi LAZIMA apewe doria au anyimwe doria. Wangeweza kumfanya yeye ndiye mkubwa wa idara yote mpya. Hawakutaka. Kwa nini? Hapo ndipo siasa ilipo, na hapo katiba haijibu.

#8 RiversideJax
Naingilia kutoka Jacksonville, Florida, kwa sababu huku walifanya hasa hicho anachosema Mzaramo.

Huku sherifu aliwameza polisi wa jiji wote. Kura ilipigwa tarehe 8 Agosti 1967, ndiyo 54,493, hapana 29,768. Tarehe 1 Oktoba 1968 jiji la Jacksonville na kaunti ya Duval vikawa serikali moja. Sherifu wakati ule alikuwa Dale Carson, mtu aliyetoka FBI, alikuwa kwenye kiti tangu 1958, na alikaa hadi 1986. Yeye ndiye aliyepokea polisi wa jiji na kuwafanya idara moja na maaskari wake. Hakuna mkuu wa polisi wa jiji huku mpaka leo. Makao makuu yako mtaa wa East Bay, karibu na mto St. Johns, na jela ya mahabusu iko hapo jirani mtaa wa Adams, ni yake pia. Doria, upelelezi, jela: vyote kwa mtu mmoja aliyechaguliwa na wananchi.

Kwa hiyo ukiona barua ya sherifu huku, baba Neema, ungekuwa na haki ya kukosa usingizi 😀

#9 Joka_la_Tanganyika
Ahsante RiversideJax, basi mimi sikukosea, nilikosea jimbo tu.

#10 Mkalimani
Hahaha, Joka, hapo umeshinda.

#11 Mama_wa_Shively_Road
Mimi niliishi hapa wakati wa kura ya 2000, nilikuwa mwanafunzi. Ngoja niwaambie nilichokiona, maana naona watu wanaongea kama vile ulikuwa mpango wa wanasheria tu.

Wazo la kuunganisha lilikuwa la zamani. Lilikataliwa 1956. Likakataliwa 1982, likarudishwa 1983, likakataliwa tena. Mwaka 2000 ndipo likapita, kama asilimia 54 ndiyo. Mnajua mwaka ule kulikuwa na nini? Sensa. Jiji la Louisville lilikuwa limeshuka hadi watu 256,231. Na Lexington, ambao wao waliungana na kaunti yao ya Fayette tangu 1974, walihesabiwa 260,512. Yaani Louisville, mji ambao kila mtu Kentucky anaujua kuwa ndio mkubwa, ulikuwa umepitwa kwa watu elfu nne na ushee. Baada ya kuungana, kaunti nzima watu karibu 694,000. Mkubwa ukawa mkubwa tena kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo mimi nasema polisi hawakuwa sababu. Polisi walifuata. Sababu ilikuwa aibu.

#12 Kifungu99
#11, sahihisho dogo kwa heshima: takwimu za sensa ya 2000 zilitolewa 2001, baada ya kura ya Novemba 2000. Wapiga kura hawakuwa na namba hiyo mkononi.

#13 Mama_wa_Shively_Road
Kifungu, namba kamili hawakuwa nayo, kweli. Ila kila mtu alijua jiji linapungua na Lexington inakua, ilikuwa gumzo hadi saluni. Lakini nakubali sahihisho lako.

#14 West_End_Kaka
Mnaipita sababu kubwa kuliko zote kimya kimya.

Jiji la zamani la Louisville, theluthi moja ya wakazi walikuwa watu weusi. Kaunti nzima, chini ya mmoja kati ya watano. Ukiunganisha, sauti ya watu weusi inapungua kwa mpigo mmoja. Viongozi wengi wa Wamarekani Weusi hapa walipinga muungano kwa sababu hiyohiyo. Kwenye baraza jipya la wajumbe 26, viti vilivyotoka kaunti ni vingi. Na ni baraza hilo pamoja na meya anayechaguliwa na kaunti nzima wanaoamua bajeti na uongozi wa polisi anayepiga doria mtaani kwetu.

Mimi nimeoa hapa, watoto wangu ni wa hapa. Mtu akiniambia muungano ulikuwa wa kubana matumizi tu, namsikiliza, lakini namuuliza: nani alibaki na sauti?

#15 Mzaramo_Halisi
West_End_Kaka heshima yako. Ila mkuu wa kwanza wa LMPD, Robert White, alikuwa mtu mweusi, aliletwa kutoka Greensboro, North Carolina, akaongoza hadi 2011 alipokwenda Denver. Kama nia ilikuwa kuwafuta, wasingeanza na yeye.

#16 West_End_Kaka
Mkuu, mtu mmoja juu hajibu swali la nani anamteua. Kwenye uzi huu huu RiversideJax ametuonyesha kwamba huko sherifu anachaguliwa. Hapa mkuu wa polisi anateuliwa na anafukuzwa na meya. Na tumeona inavyokwenda: Steve Conrad alifukuzwa tarehe 1 Juni 2020, na tangu hapo wakuu wamebadilishana kama kanzu.

#17 RiversideJax
Kuchaguliwa nako kuna mambo yake, kaka. Nitatoa mawili ya huku, moja la kutia moyo na moja la kushangaza.

La kwanza: 1995 wananchi walimchagua Nat Glover, sherifu wa kwanza mweusi Florida kwa zaidi ya miaka mia. Huyo mtu akiwa kijana wa miaka 17, muosha vyombo kwenye mgahawa hapa mjini, tarehe 27 Agosti 1960 alivamiwa barabarani na kundi la wazungu lenye mipini ya mashoka, siku waliyowapiga vijana weusi waliokuwa wanadai kukaa kwenye meza za migahawa zilizotengwa kwa wazungu. Polisi walikuwepo, hawakumsaidia. Miaka 35 baadaye ndiye aliyekuwa anawaamuru polisi wa jiji hilohilo. Mimi hiyo historia kila nikipita East Bay naikumbuka.

La pili: 2022 sherifu Mike Williams alijiuzulu kwa sababu iligundulika amehamia kaunti jirani ya Nassau. Katiba ya jiji (charter) inasema sherifu lazima aishi Duval. Sherifu mzima, kiti kimemponyoka kwa ajili ya anwani ya nyumba.

#18 MamaChapati
Anwani ya nyumba! Baba Neema, na wewe shida yako ni anwani ya nyumba 😀

#19 Niaje_Nevada
Sasa wadau. Las Vegas hapa. Nyinyi mnaongea serikali kuungana ndipo polisi waungane. Hapa serikali hazikuungana hata kidogo. Jiji la Las Vegas liko na meya wake, kaunti ya Clark iko na makamishna wake. Polisi pekee ndio waliunganishwa, tarehe 1 Julai 1973: polisi wa jiji wakachanganywa na ofisi ya sherifu, sherifu akawa bosi wa wote. Huyo wa kwanza alikuwa Ralph Lamb, aliyekuwa sherifu tangu 1961.

Na kuna kitu wageni hawajui. Ile barabara ya makasino yenye taa mnayoiona kwenye picha, sehemu kubwa yake haiko ndani ya jiji la Las Vegas. Iko kwenye eneo la kaunti. Kwa hiyo kabla ya 1973, mwizi akiiba kasino na kukimbia upande wa kaskazini anavuka mpaka usioonekana, amebadilisha polisi. Unaelewa kwa nini walichoka.

Pesa wanagawana kwa hesabu maalum kati ya jiji na kaunti, na kuna kamati ya watu watano inayopitisha bajeti: wawili wa jiji, wawili wa kaunti, na raia mmoja. Makao makuu mapya yalifunguliwa 2011 kwenye barabara ya Martin Luther King, kabla ya hapo ofisi zilikuwa zimetawanyika. Lakini North Las Vegas na Henderson bado wana polisi wao. Na jiji bado lina jela yake ndogo, kando na ile kubwa ya kaunti.

#20 Kigamboni_Kentucky
Nevada, umenifungua macho. Kumbe unaweza kuunganisha polisi bila kuunganisha wakubwa.

#21 Kifungu99
Na unaweza kufanya kinyume chake. Indianapolis waliunganisha serikali 1970 lakini polisi wakabaki mbalimbali hadi 1 Januari 2007. Idara ilianza chini ya sherifu Frank Anderson, na 2008 meya mpya Greg Ballard akaichukua iwe chini yake. Miaka 37 ya kusubiri, kisha mwaka mmoja na ushee inabadilisha mikono.

Nashville waliungana 1963, polisi wakawa wa Metro, sherifu wakamwachia jela na samansi.

#22 Pwani_Savannah
Na ndoa zinavunjika pia. Savannah, Georgia, jiji na kaunti ya Chatham waliunganisha polisi 2005. Wakagombana kuhusu nani alipe kiasi gani. Februari 2018 wakaachana, jiji likachukua lake na kaunti ikaanzisha polisi wake upya. Mimi nilikuwa hapo, unaona magari ya doria yanabadilishwa maandishi ubavuni.

#23 Kamau_wa_Southside
Hii ya maandishi ubavuni imenikumbusha nyumbani, Kenya, 2018 tukiona APs (polisi wa utawala) na Kenya Police wanavalishwa ile samawati moja. Nguo zilifanana haraka, lakini mzee wangu kijijini bado alikuwa anasema "nenda kwa AP wa chifu" akimaanisha yule yule wa zamani.

Lakini wacha nilete kesi yangu ya hapa Louisville, kwa sababu mnasema polisi ni mmoja na mimi nina swali na hilo. Usiku mmoja natoka shift saa kumi, nikasimamishwa kwa taa ya nyuma iliyokufa. Sawa, taa ilikuwa imekufa. Lakini nilivyoongeleshwa haikuwa sawa, na niliamua kulalamika. Nikaenda Metro, nikaeleza yote, yule dada mezani akaniuliza gari lilikuwa na rangi gani na nembo gani. Nikamwonyesha tiketi. Akasema, "Huyu si wetu." Ilikuwa polisi wa mji mdogo ulio ndani ya kaunti hii hii. Mji wenyewe nimeishi karibu nao miaka sita nikidhani ni mtaa tu!

#24 Mkalimani
Kamau, pole sana, na hilo ni la muhimu kwa kila anayesoma. Muungano wa 2003 haukufuta miji midogo. Iko zaidi ya 80 ndani ya kaunti ya Jefferson, mingine ina nyumba mia chache tu. Baadhi yao wana polisi wao: St. Matthews, Jeffersontown, Shively na kadhalika. LMPD wana mamlaka humo pia, lakini wa mji nao wana yao.

Ukisimamishwa, soma juu ya tiketi kabla hujaondoka. Jina la idara limeandikwa. Piga picha. Malalamiko yanaenda kwa idara iliyoandikwa pale, si kwa unayedhani.

#25 Mzaramo_Halisi
Basi hawakuunganisha, walipunguza idadi tu.

#26 Mama_wa_Shively_Road
Mzaramo, hiyo miji midogo ndiyo iliyokuwa na watu wa kupinga muungano miaka ya 80. Waliahidiwa hawataguswa, ndipo kura ikapita. Bila ahadi hiyo tungekuwa tunapiga kura ya tano sasa hivi.

Mwingine ambaye alikuwa kiongozi wa kaunti enzi hizo za kura za 1982 na 1983 ni Mitch McConnell, yule seneta. Alikuwa jaji wa kaunti ya Jefferson kuanzia 1977 hadi alipokwenda Washington. Polisi wa kaunti walikuwa chini yake.

#27 Zima_Moto
Jamani na mimi niulize. Nimejitolea zimamoto kusini mwa kaunti. Kama polisi waliungana, mbona zimamoto hatukuungana? Hadi leo Louisville Fire wanahudumia eneo la jiji la zamani, sisi wa nje tuna wilaya zetu za zimamoto, kodi zetu, magari yetu. Hata gari la takataka la serikali linakusanya jiji la zamani, huku nje unalipia kampuni. Moto haujui mpaka kama mwizi asivyojua mpaka.

#28 Kifungu99
Zimamoto za nje zina mamlaka yake ya kisheria ya kutoza kodi. Polisi wa kaunti hawakuwa nayo, walikuwa wanategemea bajeti ya kaunti. Asiye na mfuko wake humezwa kirahisi.

#29 Zima_Moto
Labda. Ila wazee wa kituo chetu wanasema ni kwa sababu watu wa nje walijua wakiungana kodi yao itapanda kufikia ya mjini. Na wengine wanasema ni wafanyakazi wenyewe walikataa. Nimesikia majibu matatu, na kila mzee anaapa lake ndilo.

#30 Binti_Uvira
Samahani nawarudisha kwenye majengo kidogo. Kuna mtu anaweza kunieleza vituo? Mume wangu ameibiwa gari Southside Drive, tumeenda pale West Jefferson katikati ya jiji, tumekuta makao makuu hayapo tena.

#31 Mkalimani
Dada Binti, pole. Lile la 633 West Jefferson, karibu na City Hall, ndilo lilikuwa makao makuu ya polisi wa jiji tangu zamani, na LMPD wakalirithi. Ofisi zilihamia mtaa wa Chestnut. Lakini kwa wizi wa gari huhitaji makao makuu. Baada ya muungano kaunti iligawanywa divisheni 8: ya Kwanza iko katikati ya jiji na ni ndogo ya eneo, ya Nane iko mashariki na ni pana, na kila moja ina kituo chake na meja wake. Piga namba ya kawaida ya polisi, si 911 kama gari limeshaondoka, watakutumia askari wa divisheni yenu. Sema "Swahili interpreter" mara tu wanapopokea, utaunganishwa na mkalimani kwenye simu. Ni haki yako na hulipi. Usimtumie mtoto kutafsiri, tafadhali. Nimeona mtoto wa miaka tisa akitafsiri habari ambazo hakutakiwa kuzisikia.

Na kwa kuwa tumefika kwenye majengo: mlango wa kutokea jela pale mtaa wa Sita. Watu wanaachiwa saa yoyote, hata saa nane usiku. Nimewaona wanatoka wameshika mfuko wa plastiki, mkanda na kamba za viatu zimo ndani ya mfuko, simu imekufa chaji, na lugha hana. Anasimama taa za barabarani zinammulika hajui aelekee mto au aelekee kusini. Kama ndugu yako yuko ndani, mpe namba yako ya simu aishike kichwani. Kichwani, si kwenye simu.

#32 Binti_Uvira
Aksanti sana dada Mkalimani. Tutapiga sasa hivi.

#33 West_End_Kaka
Mkalimani yeye ni dada? Siku zote nilikuwa nasema kaka. Samahani dada.

Nataka nimalize hoja yangu. Tarehe 13 Machi 2020, polisi wa idara hii iliyounganishwa waliingia nyumbani kwa Breonna Taylor, dada mweusi, baada ya saa sita usiku, wana hati iliyoruhusu kuingia bila kubisha hodi, wakampiga risasi akafa. Alikuwa na miaka 26, mfanyakazi wa huduma za dharura. Jiji lililipa familia dola milioni 12. Baraza lilipiga marufuku hati za namna hiyo Juni 2020. Machi 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti kwamba idara inakiuka haki za watu kwa mazoea, na inawabagua weusi. Desemba 2024 wakatia saini makubaliano ya kusimamiwa na mahakama, na Mei 2025 serikali mpya ya Washington ikaomba kuyafuta. Meya akasema jiji litaendelea na mpango wake lenyewe.

Mimi siulizi kama muungano ndio uliosababisha. Ninauliza: idara ilipokuwa mbili, kila moja ilikuwa na mkubwa unayemjua na mtaa unaoujua. Ilipokuwa moja kubwa, mama wa West End, kule magharibi mwa jiji wanakoishi weusi wengi, akitaka kumfikia mkubwa, anapita milango mingapi?

#34 Mzaramo_Halisi
Kaka, hapo sina la kubisha kuhusu Breonna, Mungu amrehemu. Ila kabla ya 2003 polisi wa jiji walikuwa na kesi zao pia, wazee wa mtaa wenu wanazo. Idara ndogo haikuwa malaika.

#35 West_End_Kaka
Hiyo ni kweli pia.

#36 Niaje_Nevada
Na kuwa na sherifu anayechaguliwa haimalizi. Huku kwetu anachaguliwa na kaunti nzima, watu zaidi ya milioni mbili. Wewe mmoja utamfikia vipi? Yule wa kabla ya huyu wa sasa, Joe Lombardo, alitoka usherifu akawa gavana. Ni cheo kikubwa kiasi hicho.

#37 Kamau_wa_Southside
Kwa hiyo hakuna aliyejibu swali la #7? Kwa nini Louisville hawakumpa sherifu idara yote kama Jacksonville?

#38 Kifungu99
Kwa sababu tayari hapa kulikuwa na polisi wa kaunti waliokuwa wanafanya doria. Sherifu wa Jefferson hakuwa mtu wa doria hata kabla ya muungano. Huwezi kumpa idara kubwa mtu ambaye kazi yake ni karatasi. Jacksonville sherifu tayari alikuwa na doria yake ya kaunti.

#39 Mzaramo_Halisi
Au kwa sababu meya mpya, Jerry Abramson, asingekubali polisi wawe mikononi mwa mwanasiasa mwingine. Alikuwa meya wa jiji miaka mingi kabla. Alijua utamu wa kumteua mkuu wa polisi.

#40 Mama_wa_Shively_Road
Au kwa sababu sherifu mwenyewe alikuwa hataki. Ofisi inajiendesha kwa kamisheni ya kodi hizo hizo anazokusanya. Nani anaacha hiyo aende kufukuza wezi?

#41 RiversideJax
Huku kwetu kuna la kuongeza. 1966 maofisa 11 wa serikali za huku walishtakiwa na jopo la mahakama kwa rushwa na mengine. Watu walikuwa wamechoka na jiji lenyewe. Carson alionekana msafi. Wakampa. Mimi naona kila mji ulimpa polisi yule ambaye siku ile hawakumwogopa.

#42 Kifungu99
Hapo umetoka kwenye sheria umeingia kwenye utabiri wa mioyo, ndugu.

#43 Kigamboni_Kentucky
Wakuu nimerudi. Asante wote, nimesoma kila posti, mke wangu nimemsomea kwa sauti huku anakanda unga.

Leo nimekwenda kulipa mwenyewe, Court Place, nyuma ya ile Metro Hall yenye nguzo. Nimepanga foleni nusu saa na wazee wa Kimarekani walioshika karatasi kama yangu. Dirishani dada akapiga muhuri, akanipa risiti, akasema karibu mwakani. Nimepata ile asilimia 2 ya MamaChapati.

#44 MamaChapati
Safi sana. Sasa swali: nyumba umenunua kwa mkopo wa benki? Kama ndiyo, angalia karatasi za mkopo. Mara nyingi benki inakata kila mwezi na kulipa kodi hiyo yenyewe, wewe unatumiwa nakala tu. Usije ukawa umelipa mara mbili.

#45 Kigamboni_Kentucky
Ngoja nikaangalie karatasi...

#46 Kigamboni_Kentucky
Nimempigia mtu wa benki. Yetu haikatwi, tulichagua kulipa wenyewe. Nimepumua.

#47 Joka_la_Tanganyika
Na kodi ya gari nayo ni kwa sherifu? Ya kwangu inaisha mwezi wa pili.

#48 Mkalimani
Hapana Joka, ya gari ni kwa karani wa kaunti. Dirisha jingine kabisa. Beba karatasi ya bima.